Askari wa Chini ya Kalisi

Nilikuwa na miaka 11 nilipoifuta dhahabu ya kanisa kwa majivu na ndimu.

Parokia yetu iko mlimani, upande wa Kilimanjaro, na ni mojawapo ya zile zilizofunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliopanda kutoka pwani, wengi wao Wafaransa. Sisi watumishi wa altare tulikuwa na zamu ya Jumamosi jioni: kung'arisha vinara vya shaba, chetezo na sahani za sadaka. Kalisi ya sikukuu, kikombe cha divai ya Misa, haikutuhusu. Ilikaa ndani ya kasha lake la ngozi, kasha likakaa ndani ya kabati, na Mzee msakristia peke yake ndiye aliyeishika, tena kwa kitambaa. Siku hiyo Mzee alitoka kwenda kuangalia kamba ya kengele iliyokatika. Mimi, na kiherehere changu, nikafungua kabati.

Wenzangu walisugua vinara, mimi nikasugua kalisi. Njano ikaanza kupungua, weupe ukatokeza, nami nikazidisha majivu kwa furaha, maana niliamini natoa uchafu wa miaka. Mzee aliporudi hakunipiga. Aliketi kwenye benchi, akaipokea kalisi kwa kitambaa chake, akanionyesha alama ndogo karibu na mdomo wa kikombe, ndogo kuliko punje ya mtama: kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya chuma.

"Unamwona huyu askari?"

"Namwona, Mzee."

"Huyu ni Malaika Mikaeli. Ndiye mlinzi wa kikombe hiki. Haya, leo usiku kalale naye."

Sikulala.

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Masomo yalinifikisha Lyon, na Lyon kuna mtaa unaoitwa rue Auguste-Comte ambako wauza vitu vya kale wamepangana mlango kwa mlango. Jumamosi moja (nasikitika kuwa tena ni Jumamosi) niliona kalisi dirishani, imelala ndani ya kasha la ngozi lenye hariri ya zambarau, patena, kisahani chake cha hostia, pembeni yake. Niliingia bila nia ya kununua. Bei yake ingenilipia kodi ya chumba miezi kadhaa. Mama mwenye duka alinipa lenzi ya jicho moja. Nikainama, na pale karibu na mdomo wa kikombe nikamkuta yule yule askari wa sakristiani kwetu. Nikamwambia mama yule kwamba namfahamu, ni Malaika Mikaeli. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapana, bwana. Huyo ni Minerva."

Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, wa hekima na vita, amegongwa kwenye kikombe cha Damu ya Kristo. Nilifikiri anatania. Lakini ndivyo ilivyo kwa karibu kila kalisi ya fedha iliyotengenezwa Ufaransa tangu tarehe 10 Mei 1838. Kanisa halina mkono katika alama hiyo, ni ya serikali. Kila chombo cha fedha kililazimika kupitia ofisi ya ukaguzi, fedha ikapimwa, kodi ikalipwa, kisha muhuri ukagongwa. Mkaguzi hakuuliza kama chombo ni cha supu au cha Misa. Minerva mwenye tarakimu 1 mbele ya paji la uso, ndani ya kisanduku cha pembe nane, maana yake ni sehemu 950 za fedha safi katika 1,000. Mwenye tarakimu 2 ni sehemu 800. Basi mlinzi wetu wa utotoni alikuwa mpagani, tena mtumishi wa ofisi ya kodi. Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa mihuri, na nitakueleza ninachokijua, kwa sababu nadhani makabati mengi ya sakristia za kwetu yana vitu ambavyo wenyewe hatujavisoma.

Pembeni ya Minerva tafuta alama ya pili, yenye umbo la almasi iliyosimama kwa ncha. Hiyo ni ya sonara mwenyewe: herufi za jina lake na kialama alichojichagulia, yote ndani ya umbo hilo, kama ilivyoamriwa na sheria ya Novemba 1797. Minerva peke yake hakupi umri wa chombo, kwa kuwa amegongwa mfululizo hadi leo. Alama ya sonara ndiyo hukwambia ni karakana gani, na karakana hukwambia miaka. Ukikuta jogoo, chombo ni cha kati ya 1798 na 1819. Ukikuta kichwa cha mzee mwenye ndevu, ni cha kati ya 1819 na 1838. Nyuma ya 1797 kuna mihuri ya vyama vya masonara na ya wakusanya ushuru wa mfalme, msitu mzito ambao mimi bado napotea ndani yake.

Halafu kuna wadudu. Hili lilinipendeza kuliko yote. Baada ya 1819 mafuawe ya ofisi za ukaguzi yalichorwa wadudu wadogo wadogo, ili nyundo inapogonga muhuri juu, upande wa chini wa bati uumwe na mdudu. Mtu anaweza kughushi Minerva. Kughushi Minerva pamoja na mbawakawa aliye mgongoni mwake, mahali pale pale, ni shughuli nyingine kabisa.

Mama yule alinifundisha jambo moja la kibiashara pia. Kalisi hufunguka. Kikombe, shina lenye kifundo katikati, na kitako ni vipande mbalimbali vilivyokazwa kwa skrubu inayopita ndani. Mafundi wa karne ya 19 walijua kwamba Kanisa lilidai kikombe chenyewe kiwe cha fedha walau, na ndani kipakwe dhahabu, ila kitako halikukibana. Kwa hiyo kalisi nyingi za padre wa kawaida ni fedha juu na shaba chini, zote zimevishwa dhahabu, na kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha. Ukikuta Minerva kwenye kikombe, geuza umtafute na kwenye ukingo wa kitako. Asipokuwepo, usilipe bei ya fedha kwa shaba.

Wafaransa wana neno moja la fedha iliyovishwa dhahabu: vermeil. Sisi husema fedha iliyochovywa dhahabu, lakini kwa vyombo vya zamani neno kuchovya linapotosha kidogo, maana hakuna aliyechovya kitu. Ilikuwa hivi. Sonara alichukua dhahabu safi akaiyeyusha ndani ya zebaki, sehemu moja ya dhahabu kwa sita hadi nane za zebaki, mpaka ikawa rojo zito kama siagi. Fedha ikasafishwa kwa tindikali, rojo likapakwa kwa brashi ya nyaya, kisha chombo kikawekwa juu ya makaa. Zebaki ikaondoka kwa moshi, dhahabu ikabaki imeng'ang'ania fedha. Inatoka ikiwa imefifia, haina mng'ao. Ndipo huja jiwe la akiki lililosuguliwa likawa laini, limefungwa kwenye mpini, na fundi hukandamiza na kusugua inchi kwa inchi mpaka dhahabu iwake. Chombo kizuri kilipitia moto huo mara mbili au tatu.

Msomaji wa Geita anatikisa kichwa hapo alipo, najua. Ni kitu kile kile: mchimbaji mdogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki iruke. Na madhara ni yale yale. Mafundi wa Paris walitetemeka mikono, meno yakalegea, wakafa mapema. Mmoja wa matajiri wa kazi hiyo, Antoine-André Ravrio, mtengenezaji wa mapambo ya shaba iliyovishwa dhahabu, alipofariki mwaka 1814 aliacha wosia wa faranga 3,000 kwa atakayegundua njia ya kuwakinga wapaka dhahabu na moshi wa zebaki. Tuzo ilichukuliwa mwaka 1818 na mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, aliyebuni jiko lenye bomba la kuvuta mvuke nje ya karakana. Kwa hiyo ninapotazama kalisi ya kabla ya hapo siwezi kuacha kufikiria mikono iliyoipaka. Katika Misa tunasema divai ni tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya wanadamu. Hatusemi lolote juu ya kikombe.

Miaka ya 1840 ikaja njia ya umeme, chombo kinazamishwa kweli kwenye maji ya dawa, na Charles Christofle wa Paris akanunua haki za kuitumia Ufaransa. Hapo neno kuchovya linafaa. Dhahabu ya umeme ni sawasawa kila mahali na huwa nyembamba zaidi. Ya moto ni nzito na ina joto fulani la rangi. Kwa macho yangu ya moto ni nzuri zaidi, nami nakiri kuwa uzuri huo umejengwa juu ya mapafu ya watu.

Ukizunguka maduka ya Lyon utaona kwamba karibu kila kalisi ni ya baada ya mwaka 1801. Sababu ni Mapinduzi. Septemba 1789 Bunge liliamua vyombo vya fedha visivyo vya lazima makanisani vipelekwe kwenye kiwanda cha sarafu. Novemba 2 mwaka huohuo mali zote za Kanisa zikawekwa mikononi mwa taifa. Na baada ya miaka michache hata vile vya lazima vilikuwa vimeingia kwenye tanuru. Kazi ya karne nyingi ikawa hela za kulipia vita.

Vichache vilivyopona vina visa vya kusimulia. Abate Suger, aliyeongoza monasteri ya Saint-Denis kuanzia 1122 hadi 1151, alikuwa na kalisi ya ajabu: kikombe cha jiwe la rangi rangi, sardoniki, kilichochongwa enzi za kale kabla Ufaransa haijajulikana, naye akaamuru kivishwe mdomo, mikono na kitako cha fedha yenye dhahabu. Mwaka 1791 kilihamishiwa kwenye hazina ya taifa mjini Paris, kiwe salama. Mwaka 1804 wezi wakakiiba huko huko kwenye usalama. Kikavuka kwenda Uingereza, na mwaka 1922 kikanunuliwa na Mmarekani, Joseph Widener. Leo kiko Washington, kwenye jumba la sanaa la taifa. Vyombo vingine vya Suger viko Louvre, pamoja na mtungi wa jiwe jekundu ambao yeye aliuvalisha kichwa, mabawa na kucha za tai. Ukifika Paris na muda wako ni mchache, achana na foleni ya Mona Lisa ukamwone tai huyo.

Baada ya mkataba wa Napoleon na Papa mwaka 1801, makanisa yalikuwa mikono mitupu na seminari zikaanza kujaa. Kila padre mpya alihitaji kalisi. Karakana zikanoga. Paris alikuwepo Placide Poussielgue-Rusand, aliyefanya kazi na mchoraji majengo Viollet-le-Duc na kurudisha maumbo ya karne ya 13. Mikono yake ndiyo iliyotengeneza, mwaka 1862, chombo cha kuhifadhia Taji la Miiba la Notre-Dame, hazina ambayo ilibidi iokolewe usiku ule kanisa lilipowaka moto Aprili 2019. Lyon alikuwepo Armand-Calliat, fundi wa enameli na nakshi nzito, ambaye kwangu ndiye bora kati ya wote, ingawa wenye mapenzi na Paris watanipinga. Na Lyon hiyohiyo, mwaka 1822, lilianza shirika la Uenezaji wa Imani, ambapo wafanyakazi wa viwanda vya hariri na watu wengine wa kawaida walichanga senti moja kwa wiki kwa ajili ya misheni za mbali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua Bagamoyo mwaka 1868, na wenzao walipopanda mlimani kwetu baadaye, fungu la senti hizo lilikuwa nyuma yao. Nimepita mara nyingi mitaa ya wafuma hariri pale Croix-Rousse nikiwaza kwamba kuna bibi wa hapa aliyelipia mishumaa ya babu yangu.

Sasa nirudi dukani, kwenye swali nililoshindwa kulimeza. Kitu kilichopakwa krisma, mafuta matakatifu, na askofu kinafikaje dirishani kikiwa na kibandiko cha bei?

Njia halali ipo. Kalisi nyingi zilikuwa za padre binafsi: zawadi ya wazazi siku ya upadrisho, mara nyingine mama alitoa vito vyake vikapachikwa kwenye kifundo. Padre akifa, wapwa wanarithi, na wapwa hawasali. Kalisi za parokia ni jambo jingine. Sheria ya Desemba 1905 iliyotenganisha dini na dola, na zile zilizoifuata, ziliyaacha makanisa ya zamani na vilivyomo mikononi mwa serikali za vijiji na miji, na makanisa makuu mikononi mwa serikali kuu. Maofisa walipokuja kuorodhesha vyombo mwaka 1906, waumini walijifungia makanisani, na kule Boeschepe kaskazini mtu mmoja alipigwa risasi akafa. Kwa hiyo kalisi ya parokia ya Ufaransa ya kabla ya 1905 haiuzwi. Ukiiona sokoni, mtu ameiba au mtu amesahau sheria. Na wizi upo. Mwaka 2017 taji la Bikira Maria wa Fourvière, kazi ya Armand-Calliat, liliibwa kwenye makumbusho juu ya kilima ninachokiona dirishani kwangu.

Kanisa nalo lina neno. Kanuni namba 1305 ya sheria ya mwaka 1917 ilisema chombo kitakatifu hupoteza wakfu wake kikitumiwa kwa mambo yasiyofaa, au kikianikwa kuuzwa hadharani. Niliisoma mara tatu. Kukiweka tu dirishani, kwa sheria ile, kulitosha kukirudisha kuwa bakuli. Sheria mpya ya 1983 haikurudia maneno hayo. Kanuni 1171 inaagiza tu kwamba vitu vilivyowekwa wakfu viheshimiwe na visitumiwe ovyo, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Mama mwenye duka alinieleza, bila kuona haya, kwamba mteja wake mmoja hupandia maua kwenye siborio, chombo cha kuwekea hostia. Mimi si mtu wa kukemea, ila siku hiyo nilitoka dukani mapema.

Nikampigia mdogo wangu kijijini. Nikamwomba amwone paroko, waifungue kalisi ya sikukuu, anipigie picha ya kila muhuri. Ilichukua wiki mbili, kwa sababu paroko alitaka kwanza kujua naitakia nini, na ana haki. Picha zikaingia kwenye WhatsApp usiku. Minerva yupo kwenye kikombe, tarakimu 1. Kitako hakina kitu: shaba. Maana yake weupe niliouona utotoni nilipokisugua kitako hicho haukuwa wa fedha hata kidogo, ni upaukaji wa shaba iliyochubuliwa na ndimu. Nilicheka peke yangu.

Picha ya mwisho ilikuwa ya chini ya kitako, ambako sikuwahi kugeuza. Kuna maneno matatu yamechorwa kwa mkono: Priez pour elle. Mdogo wangu aliuliza kama hilo ndilo jina la fundi. Nikamwambia ni Kifaransa: mwombeeni yeye. Na lugha ile inaonyesha kwamba huyo yeye ni mwanamke. Jina hakuna. Tarehe hakuna.

Kumbe paroko alikuwa na sababu nyingine ya kuchelewa. Kamati ya ujenzi imetenga hela kalisi ipelekwe kwa sonara mjini ikapakwe dhahabu upya yote kwa ajili ya jubilei ya parokia. Nimeandika ujumbe mrefu, mrefu kuliko makala hii. Maelekezo ya Misale, namba 328, yanataka dhahabu ndani ya kikombe pale metali inapokuwa duni kuliko dhahabu. Ndani ya kikombe chetu dhahabu ipo bado, nimeiona pichani. Nje imekwisha mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye kifundo, kwa sababu katika Misa ya zamani padre baada ya mageuzo, yaani kuweka wakfu mkate na divai, hakuachanisha dole gumba na kidole cha shahada, hivyo alikishika kikombe kwa vidole vilivyobaki, akikaza kifundo. Pa pili ni kwenye mdomo, usawa wa msalaba uliochorwa kitakoni, upande anaonywea padre. Padre aliyembatiza bibi yangu ameacha alama pale. Ukisugua na kuchovya upya, wote hao wanakwenda na maji ya dawa. Na maneno yale matatu ya chini yanaweza kujaa yasisomeke.

(Pa tatu ni pangu, upande wa kitako, lakini hapo sikupaeleza.)

Paroko amekubali nusu. Kikombe kitasafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu, skrubu iliyolegea ikazwe, basi. Hela za dhahabu zinanunulia siborio mpya, kwa kuwa waumini wameongezeka na ile ya zamani haitoshi. Mdogo wangu ndiye aliyeipeleka kalisi kwa sonara, ameipakata kwenye basi ndani ya kasha lake mpaka mjini. Jana ameniandikia.

"Kaka, sonara ameangalia sana. Ameuliza huyu askari ni nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia Malaika Mikaeli. Si ndivyo Mzee alivyosema?"